Masta ya uongozi wa usalama wa umma onlaini: ukiwa Arusha au Moshi unanunua nini hasa?

Siku hizi ukikaa na watu wa ulinzi na uokoaji huku kwetu, awe afande wa Moshi, kijana wa zimamoto Arusha, askari wa hifadhi au yule supavaiza wa ulinzi kwenye hoteli ya kitalii, haupiti muda atakuuliza kuhusu ile masta ya onlaini ya uongozi wa usalama wa umma. Tangazo limeshamfuata kwenye simu, kuna picha ya mzungu kavaa unifomu anatabasamu, chini wameandika unasoma kama miezi ishirini hivi, huachi kazi, huendi popote. Na hizo kozi zipo kweli na nyingi ni halali kabisa, University of San Diego ya Marekani wanayo, University of Leicester ya Uingereza wamefundisha mambo ya usalama na hatari kwa njia ya masafa tangu enzi intaneti haijawa kitu cha kila mtu, Australia kuna Charles Sturt. Ila tangazo lenyewe limemlenga sajenti wa California ambaye pengine mwajiri wake atamsaidia ada na akimaliza mshahara unasogea, wewe wa Kiborloni kule Moshi au Sakina hapa Arusha hukuwepo akilini mwa aliyeliandika, kwahiyo mambo ambayo kwa yule yako wazi kwako ni fumbo na hakuna atakayekufumbulia kabla hujalipa. Ngoja tuyafumue moja moja.

Kwanza tuelewane, hii sio depo. Hutapigishwa kwata, hutalenga shabaha, hutashika bomba la maji, hayo wanaona ulishayamaliza chuo cha polisi, CCP, pale Moshi au kokote ulikopitia. Hii ni digrii ya menejimenti iliyovalishwa unifomu: bajeti, kusimamia watu, sheria na maadili ya kazi, kusoma takwimu, kuongea na umma wakati kumeharibika, kupanga kabla halijatokea, na kuandika sana, yaani sana. Mtu aliyezoea ripoti ya kurasa mbili za "mnamo tarehe tajwa hapo juu" atapata tabu wiki za mwanzo manake pale anaulizwa kwanini, sio nini kilitokea.

Mfano mdogo. Kwenye upande wa polisi utakutana na mawazo ya Herman Goldstein, profesa wa Marekani ambaye mwaka 1979 aliandika kwamba polisi wanahangaika na tukio mojamoja wakati matukio kumi yanaweza kuwa tatizo moja. Ukilileta huku: simu zinakwapuliwa kila jioni kwenye kona ileile ya kituo cha daladala, kila siku mnafungua jalada jipya, mnakamata vijana wawili, kesho wapo wengine. Njia yake inasema ukae chini uangalie kona yenyewe, taa haiwaki, kuna uchochoro wa kukimbilia, abiria wanasimama wamegeukia barabara mikoba iko mgongoni, sasa ukiongea na serikali ya mtaa ikawekwa taa na uchochoro ukazibwa unaweza ukawa umefanya kazi kubwa kuliko doria ya mwezi. Sio sayansi ya roketi, najua, wapo wakuu wa vituo wanafanya hivyo kwa akili zao bila masta yoyote. Kozi inachokupa ni utaratibu wa kulifanya, kulipima na kulieleza kwa mkubwa wako mpaka akuelewe.

Ila mimi ukiniuliza sehemu moja tu ya hizi kozi inayostahili pesa yako, nitakwambia ni ile ya kuongoza tukio kubwa lenye vyombo vingi. Kuna mfumo Wamarekani wanauita Incident Command System, ICS kwa kifupi, ulizaliwa California baada ya moto mkubwa wa misitu wa mwaka 1970 ambapo waligundua magari yapo, watu wapo, ila kila kikosi kina redio zake, maneno yake na bosi wake. Tangu 2004 ndo sehemu ya mfumo wao wa taifa wa kusimamia matukio. Ukiuvua makoti, unasema tukio moja lina kamanda mmoja anayejulikana (au vyombo vikiwa na mamlaka sawa, wakuu wake wanakaa meza moja na kutoa mpango mmoja), chini yake kuna anayeendesha kazi yenyewe, anayepanga, anayeleta vitu, na anayeangalia pesa, na kila msimamizi anakuwa na watu kati ya watatu na saba, watano ndo pazuri. Basi. Unaonekana ni mfumo wa kijinga kwa urahisi wake mpaka siku usipokuwepo.

Kumbuka Oktoba 2020 mlima Kilimanjaro ulipowaka. Moto ulianza tarehe 11 upande wa njia ya Marangu, kule kati ya vituo vya wapandaji vya Mandara na Horombo, ukaenda siku na siku na mwisho ukawa umekula kilomita za mraba zipatazo 95. Waliopanda kuuzima walikuwa watu wa TANAPA (shirika la hifadhi za taifa), zimamoto, wanafunzi wa Chuo cha Mweka cha wanyamapori, wananchi wa vijiji vya chini, watu wa utalii. Sasa jiweke pale getini na macho ya ICS. Askari wa TANAPA anapokea amri kwa mkuu wake, wa zimamoto kwa wake, mwanafunzi anamsikiliza mwalimu, mwanakijiji anamsikiliza mwenyekiti wake. Nani ana orodha ya majina ya waliopanda asubuhi, ili jioni ajue wameshuka wote? Chakula na maji na blanketi vinaenda kituo gani na nani kasaini? Upepo ukigeuka saa nane usiku, nani ana mamlaka ya kusema wote shukeni, na neno lake linamfikia kijana wa Mweka aliyeko mteremko wa juu asiye na redio? Hayo ndo maswali unayokaa nayo wiki nzima darasani, na sisemi kwamba mwaka ule hayakujibiwa, nasema mtu aliyeyafanyia mazoezi kwenye karatasi mara nyingi anayajibu haraka akiwa amechoka na moshi uko machoni. Mlima uliwaka tena Oktoba 2022 karibu na kambi ya Karanga, kwahiyo sio hadithi za kale.

Na sio moto tu. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa kwa kukanyagana pale uwanja wa Majengo, Moshi, kwenye mkutano wa ibada, watu walipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Kwenye hizi kozi lazima utasoma Hillsborough, uwanja wa mpira wa Sheffield Uingereza, Aprili 1989, mashabiki 97 walipoteza maisha, na jambo linalorudiwa na wataalamu wa misongamano ni kwamba watu hawafi kwa sababu "walipaniki" kama tunavyopenda kusema, wanakufa kwa sababu wameshabanana kupita kiasi na njia ya kutokea ni nyembamba, wakifika watano sita kwenye mita moja ya mraba mtu hajitembezi tena mwenyewe, anatembezwa na wenzake. Hiyo inamaanisha kazi ya kuzuia maafa inafanyika kwenye mchoro wa uwanja na idadi ya mageti siku kadhaa kabla, siku yenyewe filimbi na rungu zimeshachelewa. Arusha tunajengewa uwanja wa watu 30,000 kule Olmoti kwa ajili ya AFCON ya 2027 ambayo tunaandaa pamoja na Kenya na Uganda, na baada ya AFCON uwanja utabaki hapohapo, mechi za ligi zitachezwa, matamasha yatapigwa, mikutano ya injili itafanyika. Watu wanaojua haya mambo watahitajika, na sioni wakiwa wamejaa.

Pale kozi inapokuacha njiani

Sasa hapa ndo wengi wanakwama. Hayo mafunzo yameandikwa kwenye udongo mwingine. Marekani kuna vyombo vya polisi karibu 18,000, mji mdogo kama Usa River ungeweza kuwa na mkuu wake wa polisi anayeajiriwa na mji, anaomba bajeti kwa baraza la mji, na meya akimchoka anamtoa. England na Wales wana majeshi ya polisi 43. Sisi tunalo moja, chini ya Mkuu wa Jeshi la Polisi, IGP, na zimamoto nalo tangu sheria ya 2007 ni jeshi la taifa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, sio la halmashauri tena. Kwahiyo ukiletewa asaimenti inayosema andaa hoja ya kulishawishi baraza la jiji liongeze fedha za idara yako, wewe uliyeko ofisi ya OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, ambaye mafuta ya gari yanapangwa kutoka juu unabaki unaangalia skrini.

Halafu kuna suala la nani bosi wa tukio. Kwenye ICS kamanda anatakiwa awe mtu wa fani aliyeko eneo la tukio. Kwetu Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati kuanzia taifa, mkoa, wilaya, kata mpaka kijiji na mtaa, na mkoani anayeongoza ni Mkuu wa Mkoa, RC. Sio kwamba moja ni sahihi na nyingine ni kosa, ila ukiandika kama vile RC hayupo umeandika habari za nchi nyingine. Ushauri wangu, na huu nauamini kabisa, kila asaimenti ilazimishe kuja nyumbani. Andika: huu mfumo unasema hivi, kwetu sheria inasema vile, vinagongana hapa, ningeunganisha hivi. Wahadhiri wa hizi kozi wengi ni makamanda wastaafu, wanaipenda kazi ya namna hiyo manake hawajawahi kuisoma, na wewe ukimaliza unakuwa na rundo la karatasi linalomhusu bosi wako. Anayenakili mifano ya Los Angeles mwanzo mwisho anaweza kupata A zake na akarudi ofisini hana la kusema.

Cheti kitasomwa na nani

Hili ndo ningetaka mtu alijibu kabla hata ya kuangalia ada. Kuna watu wa aina tatu wanaweza kukisoma cheti chako na kila mmoja anakisoma kivyake.

Wa kwanza ni serikali. Ukiwa mtumishi wa umma, au unataka kuwa, cheti cha nje kinapita TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kutambuliwa. Hakuna njia ya panya. Tangu ule uhakiki wa 2017 uliowatoa kazini watumishi 9,932 kwa vyeti feki, maafisa utumishi hawana mchezo na karatasi wasiyoielewa. TCU wataangalia chuo kama kinatambulika huko kwao, wataangalia digrii yako ya kwanza, wataangalia ulivyosoma. Wewe usisubiri umalize ndo uende. Waandikie mapema, taja jina kamili la chuo, jina kamili la programu, na sema wazi kwamba ni onlaini asilimia mia, usifiche hilo ukidhani utajiokoa, upate jibu la maandishi na ulitunze. Mtu anayekwambia "we soma tu, TCU tutamalizana nao mbele" anakuuzia mbuzi kwenye gunia, hasa kama ni wakala anayelipwa kamisheni kwa kila kichwa.

Na chuo chenyewe kukagua ni kazi ya dakika kumi. Marekani wizara yao ya elimu haivipi vyuo ithibati yenyewe, inayatambua mashirika yanayotoa ithibati, na ina kanzidata ya bure mtandaoni ambako unaandika jina la chuo unaona nani kakithibitisha, hata CHEA, baraza la huko la ithibati ya elimu ya juu, nao wana ya kwao. Uingereza angalia rejista ya Office for Students kwa vyuo vya England. Angalizo: matapeli siku hizi wameshaanzisha mpaka mashirika feki ya ithibati, kwahiyo chuo kukwambia "tuna ithibati" na nembo ya dhahabu haitoshi, hilo shirika lenyewe lazima liwe limetambuliwa na wizara au CHEA. Ukiona wanakupa masta kwa "uzoefu wa maisha" bila kusoma, au wanakutaka ulipe leo ili wakupunguzie nusu, kimbia.

Wa pili ni jeshi lako au taasisi yako. Hapa nitasema kitu ambacho wengine hawapendi kusikia. Masta haikupi nyota. Kupanda cheo kuna taratibu zake, muda kazini, nafasi, nidhamu, kozi za cheo za ndani, na mkeka wa majina ya waliopanda ukitoka unaweza usione jina lako ukiwa na masta mbili na jirani yako mwenye diploma akawemo. Elimu inasaidia, inakuweka kwenye mazungumzo pale wanapotafuta mtu wa mipango, mafunzo, utafiti au wa kwenda misheni, ila usikope ukitegemea nyota kulipa mkopo. Na kama ni mtumishi, omba ruhusa ya kujiendeleza kwa maandishi kabla ya kuanza, hata kama unasoma usiku nyumbani kwako kwa bando lako. Wapo wanaoanza kimyakimya, wanamaliza, wanapeleka cheti kiingie kwenye faili na swali la kwanza ni ruhusa yako iko wapi.

Wa tatu ndo naona wanasahauliwa na ndo wengi Arusha. Mahoteli na kambi za kitalii, migodi ya Mirerani upande wa pili, viwanda, uwanja wa ndege wa KIA, Jumuiya ya Afrika Mashariki, mahakama na mashirika ya kimataifa yaliyoko hapa mjini. Hawa wanaangalia unaweza kufanya nini, na cheti kinawasaidia kukuita kwenye usaili. Kazi za usalama za Umoja wa Mataifa za ngazi ya kitaalamu, ukisoma tangazo vizuri, kwa kawaida zinataka digrii ya juu yaani masta, halafu chini kidogo wanasema digrii ya kwanza pamoja na miaka miwili ya ziada ya uzoefu inaweza kukubalika. Umeona hesabu? Kwa yule mwajiri masta ina thamani ya kama miaka miwili ya kazi. Kwa mtu mwenye miaka kumi na tano kazini hiyo miaka miwili tayari anayo, kinachomzuia ni kingine, pengine Kiingereza cha kuandika au hajawahi kusimamia bajeti. Kwa kijana mwenye miaka mitano, masta inamsogeza kweli.

Pesa na saa

Ada za Marekani wanazitaja kwa yuniti, yaani kipande kimoja cha uzito wa somo, na hapo ndo watu wanapotea. Ukiona dola 800 unasema mbona poa, kumbe ni kwa yuniti moja na kozi ina yuniti 30, hiyo ni dola 24,000, kwa dola ya shilingi 2,500 unaongelea milioni 60. Kiwanja na msingi wa nyumba hapo Kisongo vinaondoka. Uingereza wanakupa bei ya kozi nzima, mara nyingi iko chini ya hapo, na wengi wanakuruhusu kulipa kwa awamu. Ongeza makato ya benki kutuma nje, ongeza shilingi ikishuka katikati ya kozi, ongeza vitabu. Kadi za mtandaoni za kwenye simu zina kikomo cha muamala kwahiyo ada ya semista inaweza isipite, utaishia kwenye foleni ya benki na invoisi mkononi.

Ufadhili upo ila sio ule unaoufikiria. Chevening, ile skolashipu ya serikali ya Uingereza, hawalipii masomo ya masafa, wanataka uende ukakae Uingereza, usipoteze muda kuwaandikia kwa hili. Ila Tume ya Skolashipu ya Jumuiya ya Madola ya Uingereza ina mpango maalumu wa masta kwa masafa, mwombaji anabaki nchini kwake anasoma chuo cha Uingereza, na kozi zinazofadhiliwa hutangazwa orodha yake. Inabidi uangalie kila mwaka kama kuna ya maafa, hatari au usalama humo ndani. Hii ni moja ya fursa ambazo watu wa Moshi na Arusha wanazipita huku wanakimbilia mikopo ya benki, inaniuma kidogo.

Muda nao upigie hesabu, usiupigie moyo. Masta ya Uingereza ni krediti 180 na krediti moja inahesabiwa saa 10 za kazi, jumla saa 1,800. Kwa miaka miwili bila kupumzika ni kama saa 17 au 18 kila wiki. Ya Marekani yenye yuniti 30, kwa kipimo chao cha saa moja darasani na mbili nje kila wiki kwa kila yuniti, kwa wiki kama 15, inakuja kwenye saa 1,350 hivi. Sasa mtu wa shifti, anayelala kambini, anayeitwa saa tisa usiku lori limepinduka Kikatiti, hizo saa anazitoa wapi? Uliza kama masomo ni ya kurekodiwa au ya moja kwa moja, hili swali ni kubwa kuliko linavyoonekana. Darasa la saa moja usiku la California huku ni saa kumi na mbili asubuhi miezi yao ya baridi, wakisogeza saa zao wakati wa kiangazi inakuwa saa kumi na moja alfajiri, yaani unakaa mbele ya kamera umejifunga shuka, jogoo wanawika nyuma yako, wenzako huko ndo wametoka kula cha jioni. Uingereza tofauti ni saa mbili au tatu tu, unasoma ukitoka kazini. Mitihani mingine inasimamiwa kwa kamera na programu inayofunga kompyuta yako, umeme ukikatika katikati ndo uanze kuandika barua pepe za kujieleza, kwahiyo betri nzima na bando la laini ya pili sio anasa. Na soma maandishi madogo, kuna programu zinajiita onlaini halafu kuna siku tatu nne za kuhudhuria chuoni, hapo viza na nauli vimeingia.

Kuingia kwenyewe sio mlima. Wanataka digrii ya kwanza, barua za wanaokufahamu kikazi, maelezo yako binafsi, vingine na uthibitisho wa Kiingereza, japo wapo wanaoukubali ukweli kwamba chuo ulisoma kwa Kiingereza ukiomba barua ya chuo chako. Uzoefu wa kazi wanaupenda sana, uuze vizuri.

Mradi wa mwisho na siri za kazi

Mwishoni kuna mradi au tasnifu, na hapa afande tulia unisikilize. Utashawishika kutumia yale unayoyajua wewe tu: majalada, namba za matukio, ramani za doria, picha za kamera. Usiguse bila kibali. Kuna Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 kuhusu taarifa za siri, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 kuhusu majina na taarifa za watu, na ukipakia faili kwenye mfumo wa chuo limeshatoka nchini, halirudi. Chuo kina kamati yake ya maadili ila kamati ya huko haiwezi kukupa ruhusa ya mkuu wako wa hapa. Ukikosa kibali badili swali, mada za wazi ziko tele: mageti ya uwanja mpya, mpango wa dharura wa shule za bweni, usalama wa wapagazi mlimani, bodaboda na ajali. Maafisa wengine wameshangaa jinsi mada ya wazi inavyowapa kazi nzuri zaidi manake unaweza kuichapisha, kuiwasilisha kwenye kamati ya maafa ya wilaya, kumpa mwajiri mpya asome.

Kabla hujatuma hela nje angalia na hapa nyumbani. Chuo cha Uhasibu Arusha pale Njiro wana masta ya masomo ya amani na usalama, jina halina mvuto wa kizungu ila ada ni ya shilingi na cheti hakihitaji utambuzi wa cha nje. Chuo Kikuu Huria kina vituo Arusha na Moshi na kimeanzishwa kwa sheria ya 1992 kwa ajili ya watu kama wewe hasa, wenye kazi. Hutapata ICS na kesi za Marekani kwa kina kile, hilo nakubali, ila kwa mtu ambaye shabaha yake ni faili lake la utumishi ningempeleka huko bila kufikiri mara mbili. Nje ningempeleka yule anayelenga mashirika na kampuni, au yule ambaye kazi yake ya kila siku ni kuratibu vyombo vingi na anataka hasa hayo maarifa.

Na kwa anayeenda nje, hakuna sheria inayosema umeze kozi nzima siku ya kwanza. Vyuo vingi vya Uingereza vimeigawa: krediti 60 ni cheti cha uzamili, 120 ni stashahada ya uzamili, 180 ndo masta. Jiandikishe ile ya 60 kwanza kama chuo kinaruhusu, chagua ambayo imebeba moduli ya kuongoza matukio makubwa, uliza kwa maandishi kama krediti zitahesabika ukiamua kuendelea, na wakati huohuo barua yako ya TCU iwe inatembea. Ukifika katikati ukaona shifti zimekushinda au dola imepanda, unasimama na karatasi yako halali mkononi na deni dogo.